Nyama ya kusaga ya bata mzinga: ununue 93, 99 au 85?

Katika maduka makubwa ya Marekani nyama ya kusaga ya bata mzinga huuzwa kwa namba. Trei moja imeandikwa 93/7, ya jirani 99/1, na kwenye friza kuna zile zilizokazwa ndani ya plastiki umbo la soseji nene, ambazo mara nyingi ni 85/15. Namba ya kwanza ni nyama na ya pili ni mafuta, kwa uzito, ikiwa mbichi. Wengi huzipita namba hizo, wakasoma jina la ndege tu na kudhani wamekwisha kununua afya. Namba ndiyo inayoamua kitakachoingia mwilini, na ndiyo inayoamua vilevile kama chakula kitakuwa laini au kikavu cha kukwama kooni.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa sufuria ya kila siku, yaani kima ya kula na ugali, wali au chapati, chukua 93/7. Hiyo 99/1 ina kazi moja inayoiweza vizuri kuliko wenzake, nayo ni sambusa. Nje ya hapo inahitaji msaada mwingi. 85/15 ni nyama tamu na ya bei nafuu, lakini anayeinunua kwa ajili ya moyo au uzito ajue kwamba hajaondoka mbali na ng'ombe.

Hesabu zake ni hizi. Kipimo cha lebo za Marekani ni wakia 4, yaani gramu 112 za nyama mbichi. Kwenye 93/7 kipimo hicho kina kalori kati ya 150 na 170, mafuta gramu 8 na protini kama gramu 21. Kwenye 99/1 ni kalori 120 hivi, mafuta gramu moja na nusu, protini gramu 26 au zaidi. Kwenye 85/15 kalori zinapita 200 na mafuta yanafika gramu 15 hadi 17. Sasa weka kando yake nyama ya kusaga ya ng'ombe ya 80/20, ile inayonunuliwa sana: kalori karibu 290, mafuta gramu 23, na kati ya hayo kama gramu 9 ni mafuta yanayoganda, ambayo ndiyo madaktari wa moyo wanatuambia tuyapunguze. 93/7 ya bata mzinga ina gramu mbili au mbili na nusu tu za mafuta hayo. Tofauti ipo, na ni kubwa.

Lakini ng'ombe naye huuzwa kwa 93/7. Ukilinganisha namba na namba, kalori zinakaribiana sana. Anachozidiwa bata mzinga ni madini ya chuma, zinki na vitamini B12, na anachoshinda ni gramu moja hivi ya mafuta yanayoganda. Lehemu, yaani kolesteroli, haishuki kwa kumwacha ng'ombe na kuchukua ndege: viwango vyao ni vilevile, na pengine bata mzinga anazidi kidogo. Kwa hiyo mama mjamzito au binti mwenye upungufu wa damu asiondolewe nyama ya ng'ombe mezani moja kwa moja kwa sababu tu kuna mtu kasifu bata mzinga. Sababu ya kweli ya kumchagua bata mzinga ni bei: 93/7 yake kwa kawaida iko chini ya 93/7 ya ng'ombe, na familia ya watu sita inaiona tofauti hiyo kabla mwezi haujaisha.

Kusoma pakiti

Nyama iliyoandikwa "ground turkey" bila neno jingine ni mchanganyiko wa kidari na paja, na huruhusiwa kuwa na ngozi na mafuta ya ndege mwenyewe. Ndiyo maana rangi yake huwa ya waridi iliyoiva kidogo. Iliyoandikwa "ground turkey breast" ni kidari kitupu, na mara nyingi ndiyo hiyo 99/1. Imepauka, karibu na weupe. Ukiona lebo haina namba, geuza pakiti usome gramu za mafuta kwa kipimo cha gramu 112: zikiwa 8 ni sawa na 93/7, zikiwa 15 na kuendelea umeshika ile nono.

Viungo vinavyotakiwa kuwemo ni bata mzinga tu, au bata mzinga na dondoo la rozimari, ambalo huwekwa ili rangi na ladha visiharibike upesi. Rozimari haina tatizo, na kwenye kima yenye tangawizi na thomu hutaisikia. Ukikuta maneno "mechanically separated turkey", hiyo ni nyama iliyokamuliwa kwenye mifupa kwa mashine. Ni laini kama uji, haifanyi chenga, na hata uikaange vipi inatoka kama bandiko. Iache. Ziache pia zilizokwisha kutiwa chumvi na viungo kiwandani: utalipia chumvi ambayo hukuipima, na viungo vyake havipatani na bizari.

Walioko Uingereza wataikuta kwenye trei za gramu 500, asilimia 2 ya mafuta kwa ile ya kidari na asilimia 7 kwa ile ya paja. Chukua ya 7. Kanada hutumia maneno badala ya namba: "extra lean" haizidi asilimia 10 ya mafuta na "lean" haizidi 17. Mpishi wa Toronto anayefuata kipimo cha hapa basi achukue "extra lean", maana "lean" ya Kanada inaweza kuwa nono kuliko 85/15 ya Marekani.

Kwa Waislamu, trei za kawaida za dukani haziwi halali kwa sababu tu ni ndege. Tafuta muhuri wa taasisi inayothibitisha halali kwenye pakiti yenyewe, au nenda bucha ya halali, chagua paja la bata mzinga na uombe lisagwe mbele yako. Paja lililotolewa ngozi, likapitishwa mara moja kwenye tundu kubwa la mashine, linatoa kima bora kuliko trei yoyote tunayoizungumzia hapa. Usikubali lisagwe mara mbili.

Kwa nini inatoka nyeupe, mvuke mtupu

Lalamiko la kawaida ni kwamba nyama ya bata mzinga haikaangiki. Inachemka, inabadilika kuwa ya kijivu, na inatoa harufu. Lalamiko ni la haki, ila kosa liko kwenye njia.

Nyama hii husagwa laini, ina maji mengi na mafuta kidogo. Ikitupwa kwenye sufuria ya moto mdogo, maji yanatoka yote kwa pamoja kabla chini hakujapata moto wa kuyakausha. Maji yakiwepo, joto la sufuria haliwezi kupanda kupita nyuzi 100, na wekundu ule wenye ladha ya nyama iliyokaangwa hautokei mpaka joto lipite hapo kwa mbali. Ng'ombe wa 80/20 husamehe kosa hilo kwa sababu mafuta yake yanayeyuka na kumkaanga. Bata mzinga hana mafuta hayo.

Basi fanya hivi, kwa trei moja ya gramu 454, ambayo ndiyo paundi moja. Changanya robo kijiko cha chai cha beking soda, si beking poda, na kijiko kimoja cha chakula cha maji. Nyunyizia nyama, igeuze mara chache kwa vidole, iache dakika 20 kwenye friji. Soda hupunguza asidi ya nyama, protini zisikazane sana, kwa hiyo maji mengi zaidi yanabaki ndani na wekundu unakuja upesi. Usizidishe kipimo: nusu kijiko tu inatosha kuipa nyama ladha ya sabuni na ulaini usiopendeza. Chumvi usiweke bado. Chumvi ikikandwa ndani ya nyama mbichi ya kusaga huifanya inate, na badala ya chenga utapata mabonge yanayodunda.

Chukua kikaango kipana, cha sentimita 30 hivi, cha chuma kizito kama unacho. Kipashe moto kwa dakika mbili juu ya moto wa wastani unaoelekea mkali, ndipo utie kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Weka nyama yote kama mkate bapa uliogusa kikaango kila upande, kisha uiache. Hapa ndipo mikono ya wengi inawasaliti, wanaanza kukoroga mara moja. Subiri dakika nne hadi tano. Mwanzoni utasikia mlio mzito wa maji. Baadaye mlio unakuwa mwembamba na mkali, na kingo zinaanza kuwa kahawia. Huo ndio wakati wa kugeuza, kwa mapande makubwa, na kuacha tena dakika mbili au tatu. Ndipo uvunje kwa mwiko, au kwa kile kiponda viazi, ambacho kinafanya kazi hii haraka kuliko mwiko.

Maji yanayotoka usiyamwage. Kwenye 93/7 hayo si mafuta, ni mchuzi wa nyama. Yaache yakauke na kurudi kwenye nyama. Trei mbili zikaangwe kwa awamu mbili. Ukizijaza kwenye kikaango kimoja umerudi kwenye kuchemsha.

Harufu sasa. Bata mzinga ana harufu yake, nzito kidogo kuliko ya kuku, na wapishi wetu wengi dawa yao ya kwanza ni kuosha nyama na kuilowesha kwa ndimu. Nyama ya kusaga haioshwi. Maji yanaingia kila chembe na hayatoki tena, na matone yake yanarusha vijidudu kwenye sinki, kwenye bomba na kwenye vyombo vya jirani. Ndimu nayo ikikaa kwenye nyama mbichi huikaza na kuifanya iwe kama vumbi la mbao mdomoni. Harufu inaondoka kwa kukaangwa mpaka wekundu, kwa tangawizi mbichi ya kutosha, na kwa ndimu inayokamuliwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshazimwa. Kama harufu ni ya uchachu tangu ulipofungua pakiti na nyama inateleza vidoleni, hiyo imeharibika, itupe.

Kima ya kila siku, kwa watu wanne

Nyama ikishakaangwa kama hapo juu, itoe uiweke kwenye sahani. Kwenye kikaango hichohicho tia vitunguu viwili vya wastani vilivyokatwa vidogo, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi ili vitoe maji na kubandua ule wekundu ulioganda chini. Dakika sita au saba, mpaka vianze kuwa vya dhahabu. Tia kijiko kimoja kikubwa cha thomu na tangawizi zilizotwangwa, tangawizi ikiwa nyingi zaidi, dakika moja. Kisha kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya unga, kijiko cha chai cha giligilani, nusu ya manjano, robo ya pilipili manga na robo ya mdalasini. Viungo hivi vikae kwenye mafuta nusu dakika kabla ya kitu chochote cha majimaji kuingia. Nyama hii haina mafuta ya kubeba ladha, hivyo kiungo kilichomwagwa juu ya mchuzi baadaye kitabaki kibichi na kuacha ladha ya unga ulimini.

Ongeza kijiko kimoja kikubwa cha nyanya nzito ya kopo, ukaange dakika mbili mpaka rangi ikolee, halafu nyanya mbichi tatu zilizosagwa.

Ishara tuliyofundishwa sote ya nyanya kuiva ni mafuta kuelea juu. Kwa mafuta haya kidogo hayataelea, na anayeyasubiri ataunguza. Angalia njia ya mwiko: ukipitisha mwiko katikati, chini kuonekane na kubaki wazi kwa sekunde moja au mbili kabla rojo halijafunga. Hapo nyanya zimeiva. Huchukua kama dakika sita hadi nane.

Rudisha nyama na maji yote yaliyochuruzika kwenye sahani, ongeza nusu kikombe cha maji ya moto au supu isiyo na chumvi, punguza moto, funika dakika nane. Onja, ongeza chumvi hadi robo kijiko kingine. Zima, kamulia nusu ndimu, tupia kotmiri nyingi. Kila sahani, bila ugali wala wali, itakuwa na kalori karibu 220 na protini gramu 22. Kima hiyohiyo ya ng'ombe wa 80/20 bila kumwaga mafuta inapita 340.

Kuna jambo moja linaloharibu hesabu hiyo yote, nalo ni tui. Kopo la mililita 400 la tui zito lina mafuta zaidi ya gramu 60, na mengi ni yale yale yanayoganda tuliyokuwa tunayakimbia. Mtu akiweka kopo zima kwenye kima ya bata mzinga, amekipoteza kila alichookoa na zaidi. Vijiko vitatu vikubwa vya tui zito, vikitiwa dakika mbili za mwisho, vinatosha kwa harufu na ulaini. Wanaotaka rojo jeupe zaidi watumie mtindi mzito usiotiwa sukari, vijiko vinne, sufuria ikiwa imetoka motoni ili usikatike.

Kima hii ndiyo msingi. Ukipika trei mbili Jumapili, inabadilika bila kuchosha. Ikutanishe na majani ya collard, ambayo ni ndugu wa sukuma wiki na yanapatikana karibu kila duka la Marekani: kata nyembamba mafungu mawili, yakaange dakika nane hadi kumi na kitunguu, kisha changanya na nusu ya kima. Majani haya ni magumu kidogo kuliko sukuma ya nyumbani, hivyo yakate nyembamba kweli, na kijiti cha katikati ukitoe. Kwa tambi, legeza kima kwa kikombe cha maji yaliyochemshia tambi, ongeza karoti iliyokunwa.

Na ukitaka trei moja itoshe watu sita, chemsha nusu kikombe cha dengu za kahawia kwa dakika 20, zichuje, uzitie pamoja na nyama wakati wa kufunika. Dengu zinashika unyevu ambao nyama kavu inaupoteza, na zinaongeza nyuzinyuzi ambazo nyama yoyote haina. Hili tunalipendekeza kuliko mbinu nyingine zote zilizomo humu. Watoto wengi hawatambui hata kama kuna dengu, mradi zisipondeke.

Uyoga pia unafaa, gramu 225 uliokatwa vidogo, ila ukaangwe peke yake kwanza mpaka maji yake yakauke.

99/1 na sambusa

Pika 99/1 kama kima na utalaumu ndege. Trei nzima ina mafuta gramu tano au sita. Haina cha kuilainisha, na dakika mbili za ziada motoni zinaigeuza kuwa changarawe. Lakini kwenye sambusa kasoro hiyo inakuwa sifa. Nyama isiyo na mafuta hailoweshi manda, na unyevu wote unatoka kwenye kitunguu kibichi, ambacho sambusa zetu za pwani zinacho tangu zamani.

Njia yake ni kinyume cha ya kima. Weka nyama ikiwa baridi kwenye kikaango baridi na vijiko vitatu vya maji na kijiko cha chai cha mafuta, vunjavunja kwa mwiko kabla ya kuwasha moto, ndipo uwashe moto wa wastani. Kwa kuwa haijapata moto ikiwa bonge, itatoka chenga ndogo ndogo zinazolingana, zinazokaa vizuri kwenye pembe ya sambusa. Tia thomu na tangawizi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, bizari, pilipili manga. Maji yakishakauka tu, ondoa motoni. Itandaze kwenye sinia ipoe kabisa.

Kupoa si jambo la hiari. Nyama ya vuguvugu ndani ya manda hutoa mvuke, manda inalegea, gundi ya unga inaachia, na sambusa inafunguka. Ikishapoa changanya vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo sana na kukamuliwa kwa mkono, kotmiri, pilipili mbichi na ndimu. Kipimo cha gramu 25 kila moja kitakupa sambusa kama 24.

Za kuoka zipake mafuta pande zote mbili kwa brashi, oveni iwe nyuzi 220 za Selsiasi, ambazo kwenye majiko ya Marekani ni 425, dakika 12 hadi 15, ukizigeuza ya nane. Zisipopakwa mafuta zinatoka ngumu na nyeupe kama karatasi, na hilo ndilo linalowafanya watu waseme sambusa za oveni hazifai. Zinafaa, ingawa zile za kuzama kwenye mafuta bado zinazishinda kwa wepesi wa manda.

Kababu

Hapa 93/7 inatosha, na 85/15 ni nzuri zaidi. Gramu 454 za nyama, slesi moja ya mkate mweupe iliyotolewa kingo na kuloweshwa kwa vijiko vitatu vya maziwa mpaka iwe uji, kitunguu kimoja kilichokunwa na kukamuliwa, robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, kotmiri, pilipili mbichi, bizari. Yai usiweke, nyama hii inanata yenyewe vya kutosha, na yai litazidi kuikaza. Changanya kwa ncha za vidole mpaka usione tena mkate, ukomee hapo. Anayekanda kama unga wa chapati atakula kababu zinazodunda.

Weka friji nusu saa, paka mikono maji, tengeneza za gramu 50. Zitakuwa kumi na moja au kumi na mbili. Oveni nyuzi 220, dakika 14 hadi 16. Kikaangoni moto uwe wa wastani, maana nje inawahi kuwa nyeusi ndani ikiwa bado mbichi.

Moto, friji na friza

Nyama ya ndege iliyosagwa inatakiwa ifike nyuzi 74 za Selsiasi katikati, sawa na 165 za Farenhaiti, wakati ya ng'ombe iliyosagwa ni 71. Sababu ni salmonela, na haikuandikwa kwa kutisha watu: mwaka 2011 nyama ya kusaga ya bata mzinga kutoka kiwanda kimoja cha Arkansas, paundi milioni 36, iliondolewa sokoni baada ya kuugua watu katika majimbo mengi. Vijidudu vilivyokuwa juu ya ngozi, mashine ya kusaga huvipeleka hadi katikati ya kila kababu. Rangi haikuhakikishii kitu. Nyama hii inaweza kubaki na uwaridi ikiwa imeiva, na inaweza kuwa nyeupe kabla haijafika joto hilo. Kipima joto cha jikoni cha bei ndogo, kikichomwa kwenye kababu nene kuliko zote kwa ubavuni hadi katikati, kinamaliza ubishi.

Ikiwa mbichi ikae kwenye friji siku moja au mbili tu, chini kabisa, juu ya sahani. Ikishapikwa, siku tatu hadi nne. Ya friza ibaki na ladha nzuri kwa miezi mitatu hadi minne. Usiigandishe kwenye trei yake, itie kwenye mfuko, ibonyeze iwe bapa ya sentimita mbili, toa hewa. Bapa inayeyuka kwenye friji kwa usiku mmoja na haimalizi nafasi. Ukiwa na haraka, zamisha mfuko uliofungwa vizuri kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, na uipike mara inapolegea. Kuiacha juu ya meza tangu asubuhi ni kuilea ile salmonela.

Na zile roli za friza

85/15 inauzwa kwa bei inayovutia na tumeshaisema ni tamu. Trei au roli ya gramu 454 ina hadi gramu 68 za mafuta, mara mbili na zaidi ya 93/7. Ikaange bila tone la mafuta ya kuongeza, inamishe kikaango, mafuta yakusanyike upande mmoja, uyachote kwa kijiko uyatie kwenye kopo tupu. Yakiganda yatupe na takataka, kwenye bomba la sinki yataziba. Acha kijiko kimoja tu cha kukaangia vitunguu. Roli nyingi zina unyevu zaidi ya trei kwa sababu zimegandishwa, kwa hiyo baada ya kuyeyusha itandaze juu ya karatasi za jikoni na uikandamize kidogo kabla ya kikaango. Na kabla ya kulipa, tafuta yale maneno "mechanically separated turkey" kwenye orodha ya viungo. Kwenye roli za bei ya chini ndiko yanakojificha zaidi.